Abbott hakuzifuta zote

Je, Tony Abbott alizifuta taasisi zote za tabianchi alipoingia madarakani kama Waziri Mkuu wa Australia mwaka 2013? Hapana. Iliyokufa papo hapo ni Tume ya Tabianchi, iliyowaeleza wananchi sayansi ya tabianchi, ya akina mwanasayansi Tim Flannery: serikali iliapishwa Septemba 18, kesho yake tume ikaambiwa ifunge. Iliwezekana kwa sababu haikuwa na sheria yake. Serikali iliyopita iliiunda tu, mpya ikaivunja. Mamlaka ya Mabadiliko ya Tabianchi, inayoishauri serikali, na shirika la kukopesha miradi ya nishati safi (CEFC) zilisimama juu ya sheria za Bunge, na Seneti ikagoma kuzifuta. Zipo hadi leo. Bei ya kaboni, yaani malipo waliyotozwa wachafuzi wakubwa kwa gesi joto walizotoa, nayo ilikuwa ya kisheria, ndiyo maana kuiondoa kulimchukua mpaka Julai 2014.

Ila sheria si kinga kamili. Bajeti ya 2014 iliikata CSIRO, shirika lao la utafiti, dola milioni 111 kwa miaka 4, na watu wakapoteza kazi bila kifungu chochote cha sheria kuguswa. Flannery na wenzake? Walichangisha wananchi, wakarudi ndani ya siku chache kama Baraza la Tabianchi.