Namba moja, majina kumi: usichague bado

Mdogo wangu wa Moshi, umesema umepima mbege ya nyumbani kwa spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, ukaziingiza namba kwenye HMDB, hifadhidata ya molekuli, na kila namba inakuletea majina lukuki. Unauliza uchague lipi. Usichague bado.

Chukua hiyo 203.0526 uliyoitaja. Huenda ni glukosi iliyodandiwa na ioni ya sodiamu: 180.0634 jumlisha 22.9892. Lakini fruktosi nayo ni C6H12O6, uzito uleule mpaka desimali ya mwisho, na ndizi mbivu zina zote mbili. Uzito peke yake hautazitenganisha kamwe. Pitisha glukosi halisi na fruktosi halisi kwenye kolamu ileile, mrija unaotenganisha molekuli kabla hazijapimwa, uone ipi inatoka dakika ileile na yako. Kwa molekuli nyingine, linganisha vipande inavyovunjikia ndani ya mashine na spektra, yaani michoro ya uzito wa vipande, zilizomo kwenye hifadhidata za MassBank au GNPS. Zote ni bure.

HMDB, iliyotangazwa 2007 huko Kanada, imejengwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Mbege ni ndizi, ulezi na gome la msesewe, kwa hiyo FooDB, ya molekuli za vyakula, na KNApSAcK, ya molekuli za mimea, zitakufaa zaidi. Msesewe ndio unaonivutia mimi. Ukikosa jina la kinachotoka kwenye lile gome chungu, andika "haijatambuliwa", wala usione haya. Kubandika jina la kubahatisha ni kumpotosha atakayekusoma.

KEGG, yenye ramani za jinsi molekuli zinavyobadilishana ndani ya viumbe, ingoje kwanza mpaka majina yathibitike. Na data ghafi, tafadhali, iweke MetaboLights, hazina ya wazi ya data za aina hii.