Amri Inayogeuka Nyekundu

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninajifunza Linux hapa Dodoma. Mwenzangu akikosea amri, inakuwa nyekundu hata kabla hajabonyeza Enter, ilhali kwangu haibadiliki. Je, kompyuta yake ni bora?

JIBU: Marahaba. Tofauti haimo katika kompyuta bali katika programu inayopokea amri. Huenda mwenzako anatumia fish, iliyotoka mwaka 2005, ambayo hulinganisha neno la kwanza na majina ya amri zilizopo kadiri unavyoandika, hivyo ukiandika “gti” badala ya “git”, neno hubaki jekundu mpaka ulirekebishe. Njia ya faili lililopo, yaani maandishi yanayoonyesha mahali lilipo, nayo hupigiwa mstari. Bash, ambayo nadhani ndiyo yako, haifanyi hivyo. Hata hivyo, “rm” inayofuta faili usilokusudia haitakuwa nyekundu, kwa kuwa imeandikwa sawasawa. Ukitaka kusakinisha fish kwenye Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, andika “sudo apt install fish”.