Kabla Hujaitia Propela Motoni

Mwendee fundi yeyote wa jua kali na propela iliyopinda, jibu ni lile lile: ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itose majini, itakaza. Kwa patasi au kisu cha chuma cha kaboni fundi huyo yuko sahihi kabisa. Kwa propela ya shaba anakuharibia mali. Shaba ya manjano ikishapashwa mpaka ikawa nyekundu hulainika, uitose majini usiitose, na ukiifunga kwenye boti itajikunja kona ya kwanza tu.

Kwa hivyo sisi tunaokimbiza boti ndogo za rimoti huku pwani ya Kenya, Tudor na Mtwapa, tuanze na swali la madini. Propela yako ni ya nini? Za alumini zilizokatwa na mashine ya kompyuta zimeshakazwa kiwandani, moto utazilegeza. Za chuma kisichoshika kutu cha kawaida hazikazwi kwa moto hata ufanyeje. Za shaba ya manjano hukazwa kwa nyundo. Zipo pia zile nyekundunyekundu zenye wekundu wa dhahabu, wanazopenda watu wa mashindano kule Marekani, kama zile za Octura: hizo ni shaba iliyochanganywa na asilimia 2 hivi ya beriliamu, na hizo pekee katika kundi hili ndizo zinazoutaka moto, tena moto wenye kipimo.

Kwa nini tusumbuke hivyo kwa kidude kinachoenea kiganjani? Chukua propela yenye kipenyo cha milimita 40, na pichi yake iwe mara 1.4 ya kipenyo. Kila mzunguko husonga mbele milimita 56, ukiacha kuteleza. Ikizunguka mara 30,000 kwa dakika, kwenye karatasi hiyo ni kilomita 100 kwa saa. Sasa igeuze hesabu: ni mizunguko 500 kila sekunde, na boti hizi hukimbia propela nusu ikiwa majini na nusu hewani. Kila panga, yaani bawa la propela, linapigwa na maji mara 500 kwa sekunde, linaachiwa mara 500. Ni madini machache yanayoyavumilia hayo yakiwa na mkwaruzo.

Kijana mmoja wa Tudor aliniletea propela iliyokatika panga. "Mzee, imegonga kijiti cha mkoko," akasema. Nikamwambia tuitazame pale ilipokatikia kabla ya kukisingizia kijiti. Theluthi mbili ya jeraha ilikuwa laini na nyeusi kwa chumvi, ina mistari myembamba iliyopindana kama alama za maji kupwa mchangani. Theluthi iliyobaki iling'aa, chengachenga, mpya. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, unatembea kidogo kidogo, na kijiti kilimalizia tu. Tukaufuata mpaka ulipoanzia: mkwaruzo wa tupa uliokatiza shina la panga, kutoka makali hadi makali. Aliinoa mwenyewe, akaacha alama za tupa pale pale panga linapobeba mzigo wote.

Basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kuimarisha propela, na haihitaji tanuri. Shina la panga, pale linapoungana na kitovu, liache nene. Usilipunguze ukitafuta kasi. Ukonde uutafute kwenye ncha na kwenye makali ya mbele. Kisha ulisugue kwa msasa wa maji, kuanzia namba 400 kwenda 1000 na zaidi, na mikono yako iende urefu wa panga, kutoka kitovuni kwenda nchani. Usikatize hata mara moja. Ule mkunjo kati ya panga na kitovu uwe wa mviringo. Kona kali pale ni mwaliko wa ufa. Ukilishika panga mbele ya taa na kuligeuza, usione mstari wowote unaokatiza shina. Ukiuona, rudi kwenye msasa. Inachosha, na nadhani ndiyo sababu watu wanapenda hadithi za moto.

Kwa shaba ya manjano fuata nyundo. Tumia nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, uso wake uwe umeng'arishwa, maana kila doa la nyundo utalikuta kwenye panga. Lilaze panga juu ya kipande cha chuma kilichochongwa kufuata mpindo wake, au kwenye gogo gumu usipopata. Gonga mapigo mepesi mengi, anzia shinani uende nje, geuza, gonga upande wa pili. Mwanzoni nyundo hutua kizito. Shaba inavyokaza nyundo huanza kuruka na mlio kupanda. Hapo simama. Ukizidisha, shaba inakuwa kavu na kupasuka. Ukishamaliza, iweke kwenye oveni ya jikoni, nyuzi 250 za Selsiasi, saa moja. Moto huo mdogo hauondoi ugumu, unatoa tu ule mvutano uliobaki ndani, ambao ndio huifanya shaba iliyogongwa ipasuke yenyewe baadaye. Na usiisafishe kwa dawa yenye amonia, inaharakisha mpasuko huo huo.

Wale wanaojitengenezea kwa kukata bati la shaba na kuyaunga mapanga kwa lehemu ya fedha wana shida yao pekee. Lehemu hiyo huyeyuka kwenye nyuzi mia sita na kitu, kwa hivyo shaba yote inayozunguka kiungo imeshalainika, na pale ndipo shinani. Jaza lehemu hadi kona iwe mviringo, kisha ugonge shaba iliyo karibu na kiungo, si kiungo chenyewe. Kwa boti ya kasi ya wastani inatosha. Kwa mwendo wa mashindano mimi singeifunga.

Tuje kwenye shaba ya beriliamu. Zile zinazouzwa zikiwa bado laini, fanya kwanza kazi yote ya kukunja: rekebisha pichi, kunja kidogo makali ya nyuma, noa kwa juu juu. Ikishakazwa haikunjiki tena, inakatika. Ndipo uitie tanurini kwenye nyuzi 315 hadi 320, saa mbili mpaka tatu, uitoe ipoe yenyewe hewani. Hakuna kutosa majini hapa. Nguvu yake huongezeka karibu maradufu. Ikiwa ilishakazwa na unataka kuikunja upya, hapo ndipo unapohitaji moto mkubwa, karibu nyuzi 790, ndipo itoswe majini haraka ilainike, halafu uanze upya na zile 315.

Ugumu ni kuipata hiyo 315. Oveni nyingi za nyumbani huishia 250. Moto wa makaa wa mhunzi hauwezi kushikiliwa pale, na jicho halikusaidii, kwa sababu kwenye joto hilo madini hayawi mekundu hata kidogo. Ninakokwenda mimi ni kwa mafundi wa meno ya bandia: wana tanuri ndogo zenye kipimajoto na saa, na ukija wakati hawana kazi watakuelewa, maadamu umeiosha propela ikatakata. Kama tanuri si ya kuaminika, weka pembeni ya propela kigae chenye kipande cha risasi safi, ile ya kutengenezea chubwi. Risasi huyeyuka kwenye 327. Ikianza kulegea, umepitiliza, punguza.

Sasa onyo, na hili silisemi kwa mzaha. Vumbi la beriliamu likiingia mapafuni huleta ugonjwa usiopona. Propela hii husuguliwa ndani ya beseni la maji, kwa mkono. Usiiguse kwa mashine ya kusugua ikiwa kavu, usiifanyie kazi chumbani watoto wanamolala, na yale maji usiyaache yakauke sakafuni. Futa kwa tambara lililolowa, tambara litupe kwenye mfuko uliofungwa.

Kusawazisha hufanyika mwisho, baada ya nyundo na moto. Wembe mbili zilizosimamishwa sambamba, na kijiti cha chuma kilichong'arishwa ndani ya tundu la propela, vinatosha. Panga zito litashuka. Lipunguze kwa upande wa mbele, ule usiosukuma maji, ili pichi isibadilike. Usiseme gramu kidogo haina neno. Kwenye ile propela ya milimita 40, sehemu ya kumi ya gramu iliyozidi nchani, kwa mizunguko 30,000, huvuta shafti kwa nguvu ya takriban kilo mbili, ikizunguka nayo. Shafti inatikisika, na mtikisiko huo unarudi kwenye shina.

Bahari yetu nayo ina mambo yake. Maji ya chumvi hula zinki iliyomo kwenye shaba ya manjano, inabaki shaba tupu yenye vitundu, rangi ya waridi. Ukiona doa la waridi karibu na kitovu, propela hiyo usiigonge wala usiisugue, imekwisha. Osha kwa maji baridi ya bomba kila unapotoka, kausha, paka mafuta. Siku za bamvua maji hupanda yakazoa vijiti na kamba za nyavu kutoka mikokoni. Mimi propela zangu nzuri nazitunzia siku za maji mafu, bahari isipopanda sana.

Kabla ya kufunga, chovya propela kwenye mafuta ya taa kwa muda, ifute kabisa, paka unga wa chaki. Ufa ukiwepo mafuta yatatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Ufa wa shinani hauungwi. Propela ya shaba ya manjano muuzie wa vyuma chakavu, lakini ile ya beriliamu usiichanganye humo: atakayeiyeyusha hatajua anavuta moshi wa nini. Ibaki nyumbani, ndani ya mkebe ulioandikwa jina.