Meza ya kulia: mninga wa fundi au ya dukani inayong'aa?

Dada, hongera kwa nyumba. Umeuliza uchukue meza ya dukani inayong'aa au uchongeshe ya mninga kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, ya watu sita. Mimi ningechongesha, ila usilipe kabla hujaziona mbao zenyewe.

Ya dukani, inama uitazame kwa chini na pembeni. Mbao halisi ina mistari inayotoka juu na kushuka ukingoni. Ukiona mchoro umekatika kwenye kona, au chini kuna rangi ya unga ulioshindiliwa, hiyo ni MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, uliobandikwa juu tabaka jembamba lenye mchoro wa mbao. Maji yakiingia inavimba, na hairudi.

Kwa fundi, jambo kubwa ni ukavu. Mbao mbichi ikishapigwa vanishi inapendeza, kisha inakauka sebuleni kwako, inapinda na kuachia viungo. Mninga uliokauka vizuri haupindi wala kutanuka sana, ndiyo maana unasifiwa. Ila kataa vipande vyenye weupe wa pembeni: hapo ndipo wadudu hutoboa. Mtiki nao ni mzuri, tena unavumilia unyevu. Paina ni laini, sahani tu inaacha alama.

Miguu iungwe kwa ulimi na tundu (ncha ya mbao moja inaingia kwenye tundu la nyingine), pamoja na gundi. Misumari mitupu hapana kabisa! Shika kona uitikise kwa nguvu. Ikicheza, mwambie arudie.

Kipimo: kila mlaji sentimita 60, kimo cha meza 75, na toka ukingo wa meza hadi ukutani ibaki kama 90.