Python au Scala kwa data nyingi? Pima kwanza muda unapopotelea

Mkuu, umeuliza kama uache lugha ya programu ya Python ukajifunze nyingine, Scala, maana kazini umekabidhiwa miamala ya simu inayoingia GB 40 kila siku na programu yako ya pandas (maktaba ya Python ya kuchambua majedwali ya data) inafia njiani. Nimepita njia hiyohiyo na ilinigharimu, kwa hiyo nivumilie nieleze kirefu kidogo.

Nilianza na faili moja tu la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi ya kawaida), GB 11, kwenye kompyuta yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 16. Kwa hesabu ya haraka 11 inaenea ndani ya 16. Haikuenea, mashine iliganda mpaka nikaizima. Sababu niliijua baadaye: kwa miaka mingi pandas ilikuwa ikihifadhi kila neno kama kitu kamili cha Python, hivyo jina la wakala lenye herufi 10 linakula zaidi ya baiti 50. Wes McKinney, aliyeianzisha pandas mwaka 2008, aliwahi kushauri uwe na RAM mara 5 hadi 10 ya ukubwa wa data yako. Kwa faili langu hiyo ni GB 55 mpaka 110.

Tukahamia Spark, programu inayogawa kazi ya data kwa mashine nyingi, kwenye klasta ndogo (kundi la mashine zinazofanya kazi pamoja), bado tukiandika Python. Kazi ya usiku ikawa inachukua saa 2 na dakika 50. Hapo ndipo ofisini ikasemwa Python ni nzito, na kwa kuwa Spark yenyewe imeandikwa kwa Scala, basi tuandike upya kila kitu kwa Scala. Watu watatu, karibu miezi minne. Muda ukashuka hadi dakika 50 na sote tukaamini lugha ndiyo iliyotuokoa.

Kisha binti aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo akauliza swali moja kuhusu ile programu ya zamani: kwa nini namba za simu zinasafishwa na kipande cha Python tulichokiandika wenyewe? Kipande hicho kilikuwa kinageuza namba zinazoanza na 0, 255 na +255 ziwe za mtindo mmoja. Spark inaendeshwa juu ya mfumo wa Java, ulio tofauti na Python. Ukiweka kipande chako cha Python katikati, kila mstari unafungashwa, unapelekwa kwa Python, unafunguliwa, unafanyiwa kazi, unafungashwa tena na kurudishwa. Mamilioni ya mistari, safari ya kwenda na kurudi kwa kila mmoja. Tukakitoa, tukatumia amri za kusafisha maandishi zilizomo ndani ya Spark. Python ikamaliza kwa dakika 52.

Tofauti ya dakika mbili, mkuu, kwa miezi minne ya watu watatu. Ukitumia amri za Spark yenyewe, Python inaandika mpango tu. Anayebeba mzigo ni injini ileile inayombebea mtu wa Scala.

Na bado tulikuwa tunasoma CSV zilizobanwa kwa gzip, njia ya kupunguza ukubwa wa faili. Faili la gzip haligawanyiki, kwa hiyo hata ukiwa na klasta ya mashine 10, faili moja kubwa linasomwa na kori moja (kitengo kimoja cha prosesa) huku nyingine zimekaa. Tulipogeuza kila kitu kuwa Parquet, aina ya faili inayohifadhi data kwa safu wima, tukawa tunasoma safu 7 tunazozihitaji kati ya 60. Dakika 52 zikawa 18. Lugha haikuguswa.

Kwa GB 40 zako, mimi nisingeanza hata na klasta. Jaribu zana za kuchambua data kama DuckDB, iliyotoka taasisi ya utafiti ya CWI ya Amsterdam, au Polars, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust. Zote unaziita kutoka Python, zinatumia kori zote za mashine moja, na hazilazimiki kupakia data yote kwenye RAM kwa mpigo. Na kama una mwezi mmoja wa kujifunza kitu, upeleke kwenye SQL, lugha ya kuulizia data iliyo kwenye majedwali. Hiyo utaikuta DuckDB, utaikuta Spark, utaikuta kila ofisi utakayokwenda.

Scala na Java zina mahali pake, sizibezi. Kama muamala lazima ukaguliwe sekunde ileile unapoingia, kwa Kafka na Flink (zana za kupokea na kuchakata data inapoingia), ningechagua Java bila kusita. Pia kosa la jina la kigeu linanaswa kabla programu haijaanza, wakati Python inaweza kukuangukia saa ya sita ya kazi. Ila angalia na watu ulio nao. Mwenzetu aliyeijua Scala vizuri alipohama, kazi moja iliharibika ikakaa wiki nzima bila mtu wa kuitengeneza.

Kwa hiyo kabla hujaamua, pima muda wa kila hatua peke yake: kusoma, kusafisha, kuunganisha majedwali, kuandika. Tuwekee hapa namba hizo, aina ya mafaili na RAM uliyonayo, tuone ni hatua gani inayokula muda wako.