Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Bori la Kiko Hupasuka?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kongwa, mkoani Dodoma. Tangu mwaka jana nimejifunza kuchonga viko kwa mkono, na nimekamilisha vinne vya mpingo. Vyote vimepasuka: viwili kabla ya kutiwa tumbaku, viwili baada ya kuvutwa mara chache. Vipande vya mti niliagiza Kilwa kwa fundi wa vinyago, vikafika vikiwa bado vibichi. Nimekosea wapi?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Viko vyako vina maradhi mawili tofauti, nami naomba tuanze na vile vilivyopasuka bila kuonja moto, kwa sababu kosa lake ndilo linalowakatisha tamaa wachongaji wengi wa huku kwetu.

Kilwa iko baharini na hewa yake ina unyevu, ilhali Dodoma hukaa zaidi ya nusu ya mwaka karibu bila mvua. Mti mbichi ukitolewa kule na kuletwa katika upepo wetu wa Julai hupoteza maji haraka mno, hasa kupitia ncha zake mbili, kwa kuwa mirija ya maji ndani ya mti huelekea huko. Sehemu ya nje husinyaa wakati ya ndani ingali imejaa maji, na palipo dhaifu hupasuka. Kwa hiyo siku ile ile unapopokea kipande, yeyusha nta ya nyuki uipake ncha zote mbili, kisha ukiweke ndani ya nyumba mahali penye kivuli pasipopitiwa na upepo, wala usikiweke stoo iliyo chini ya bati lenye joto. Kipime kila mwezi kwenye mizani ya dukani na uandike uzito kwa chaki juu ya mti wenyewe. Uzito usipobadilika kwa miezi mitatu mfululizo, mti umekauka. Mafundi seremala hukadiria mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, lakini mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na huhitaji muda zaidi. Chagua pia kipande kisichopitiwa na moyo wa mti, yaani kile kitovu cha katikati ya gogo, kwa sababu nyufa nyingi huanzia hapo.

Vile viwili vingine viliuawa na moto. Mpingo haunyonyi unyevu wa moshi, na ukuta wa bori, yaani kile kichwa cha kiko kinachotiwa tumbaku, ukiwa mwembamba, joto la ndani huutanua kuliko upande wa nje. Ndiyo maana viko vingi vya kiwandani huchongwa kutokana na kivimbe cha shina, karibu na mizizi, cha kichaka kiitwacho Erica arborea. Watu wa nchi za Mediterania huchimba kivimbe hicho, hukichemsha kwa saa nyingi, kisha hukikausha kwa miezi kabla ya kukichonga. Kichaka hicho kinaota hata kwenye Mlima Kilimanjaro, ila hiyo ni hifadhi ya taifa na mtu haruhusiwi kukichimba.

Ushauri wangu, Mwalimu, ni kurudi kwenye kiko cha asili cha Waswahili. Wazee wa pwani walitengeneza bori peke yake, wakalichomeka juu ya digali, yaani mrija wa kupitishia moshi, na moshi ukashuka kwenye kifuu cha nazi chenye maji kabla ya kuvutwa kwa shilamu, ule mrija unaotiwa mdomoni; yale maji yakibubujika waliyaita malio ya kiko. Hekima ya kutenganisha bori na mwili wa kiko inatufaa sana huku kwenye vibuyu vingi. Mwombe mfinyanzi akufinyangie bori dogo la udongo na kulichoma vizuri, ulipachike kwenye shingo ya kibuyu kilichopinda, kisha mpingo wako uutumie kwa digali na mapambo, mahali ambapo moto haufiki. Ukiupiga msasa funika pua na mdomo, kwa maana vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.

SWALI: Mimi ni kijana wa Chamwino. Sivuti tumbaku, ila napenda kuchonga viko kama mapambo. Nikimaliza umbo zuri, tundu linatoka upande. Nifanyeje?

JIBU: Umefanya vyema kutovuta, kwani moshi wa kiko huleta saratani ya mdomo na koo kama wa sigara. Hata hivyo nafurahi kwamba unataka tundu lipite sawasawa, kwa kuwa kiko kisichopitisha hewa si kiko, hata kikiwekwa kabatini.

Toboa kabla ya kuchonga. Kipande kikiwa bado na pande nne zilizonyooka, jiliwa hukibana kwa uthabiti, lakini ukishakichonga mviringo hakina pa kushikwa. Chora kiko kizima kwa ukubwa wake kwenye ubavu wa mti, pamoja na matundu yote, halafu ufuate mchoro huo. Anza na tundu la kuchomekea digali, kisha njia ya moshi yenye upana wa milimita 4, na mwisho shimo la tumbaku lenye upana wa milimita 20 na kina cha milimita 35 hadi 40. Njia ya moshi itokeze chini kabisa ya shimo, katikati. Ikitokeza juu, tumbaku ya chini hubaki mbichi na chungu. Funga utepe kwenye biti ya keekee kuonyesha kina, na uache angalau milimita 6 za mti kila upande.

Baada ya hapo ndipo ushike msumeno, tupa na msasa. Ndani ya shimo usipake vanishi wala rangi.

SWALI: Mdomo wa kiko niutengeneze kwa kitu gani hapa Dodoma? Msomaji, Makole.

JIBU: Kwa pembe ya ng'ombe, ndugu yangu. Pembe zinapatikana machinjioni na minadani, na ncha ya pembe haina uwazi ndani, hivyo inatobolewa na kuchongwa kama mti mgumu. Itoboe ikiwa nene, ndipo uipunguze kwa tupa. Ukitaka kuipinda, ichemshe hadi ilainike, upitishe waya ndani ya tundu lisizibe, uipinde taratibu na uishikilie hivyo mpaka ipoe. Fanya kazi hiyo uani, kwa sababu harufu yake ni ya nywele zilizoungua.