Nani Anapiga Ngoma?

Naimba sauti ya tatu katika kwaya moja hapa Kisumu, na kwa muda mrefu niliamini masikio yangu yamenoleka. Kisha nikakutana na Medúlla, albamu ya Björk wa Iceland iliyotoka mwaka 2004. Niliisikiliza chumbani Kondele kwa spika ya simu, nikaandika daftarini: ngoma ya kompyuta, besi hafifu. Nilikosea kote kuwili. Albamu ile karibu yote imejengwa kwa sauti za watu. Niliyoidhania ngoma ilikuwa midomo ya Rahzel, Mmarekani apigaye midundo kwa kinywa. Besi nayo ilikuwepo tele, ila spika ndogo iliimeza.

Tangu siku hiyo, kabla sijauita muziki wowote wa ajabu, huuliza kazi zimegawanywa vipi. Nani ameshika mdundo? Nani yuko chini kabisa? Nani anabeba wimbo wenyewe? Sisi wa huku tuna pa kuanzia, kwa kuwa tumemwona mpiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Vidole viko kwenye nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga mti wa chombo, njuga zinalia mguuni, na bado anaimba. Mtu mmoja, kazi nne! Aliyezoea kuzitenganisha hizo hatapotea ndani ya albamu ya majaribio.

Kwa hiyo tafuta vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei nafuu, na uchague wimbo mmoja tu. Mara ya kwanza sikiliza bila kuandika. Mara ya pili fuata mdundo peke yake ukipiga mguu sakafuni. Mguu ukipotea, andika dakika na sekunde, maana hapo kuna jambo limefanywa. Mara ya tatu fuata sauti ya chini na uiimbe. Usichoweza kukiimba, bado hujakisikia sawasawa.

Usiipuuze pumzi. Tanya Tagaq, Muinuiti wa Kanada anayeimba kwa koo, yumo katika Medúlla, na mhemo wake unafanya kazi ambayo kwetu ingefanywa na kayamba. Usiku mmoja mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nikangoja itulie, kisha nikarudia sekunde chache zilezile hadi nikazitofautisha: pumzi inayoingia ni kavu, inayotoka ni nzito na ina mkwaruzo. Kesho yake nilimsikilizisha mwenzangu wa besi. Hakusema kitu, aliweka kiganja kooni, akajaribu kuitoa.

Wingi wa sauti ukikuchosha, nenda kwenye "Show Me Forgiveness", wimbo wa albamu hiyohiyo. Humo Björk yuko peke yake, hana kwaya wala mdundo. Andika maneno ya wimbo kwenye karatasi, weka alama kila anapovuta pumzi, halafu tazama ni neno gani limeachwa likining'inia kabla ya kila alama.